Kisanduku cha Kijani

Yokote, Februari. Theluji imefika madirishani,
wauguzi wanaingia kwa mlango wa nyuma, wakijipangusa mabega.
Mgonjwa wa saba ni mzee Kisaburo Tagaya,
mkausha figili kwa moshi, miaka sitini na minane,
vidole vyake rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Amevaa gauni la hospitali na bado ananukia kuni za mcheri.
"Siumwi," ananiambia. "Anayeumwa ni binti yangu, kwa wasiwasi."

Nampulizia ganzi kooni. Anameza. Mrija unashuka.

Tumbo la mtu, ukiliingia, ni pango lililolowa,
mikunjo imelala kama shuka la mtu aliyeondoka kwa haraka.
Nimepita humu mara elfu thelathini kwa hesabu ya daftari langu;
naijua njia kama ulimi unavyolijua pengo.

Hii akili mnemba waliyoniletea mwaka jana sikuipenda.
Ililia kwa kila povu.
Ilizungushia kisanduku punje ya ufuta,
na siku moja ikauzungushia mng'ao wa taa yake yenyewe;
nikacheka mpaka muuguzi Otomo akanikanyaga mguu.
Mtoto wa mjini, nikasema, kila kijiti kwake nyoka.

Leo nabadilisha mwanga. Nyekundu inaondoka,
inabaki buluu na kijani, na mashine inaanza kazi yake ya kimya:
inachuja ukungu, inakaza kingo, inavitenga vivuli
kama anayepepeta mchele gizani kwa kusikiliza.
Pale ninapoona waridi, na waridi, na waridi tena,
yenyewe inaweka kisanduku. Cha kijani. Kinatetemeka kidogo.
Asilimia themanini na saba.

Nilikuwa nimeshapita.
Nakiri hapa kwa kuwa kwenye ripoti hapana nafasi ya kukiri.
Nilikuwa nimeshapita, nikiwaza gari langu lililofukiwa nje.

Narudi. Naosha. Natazama.
Usipoziba ufa, wanasema, utajenga ukuta.
Huu haukuwa ufa. Ilikuwa rangi ambayo ufa huivaa kabla haujazaliwa:
milimita sita, kibonyeo kisichotosha kushika tone,
na vimishipa vilivyoacha safu
kama mwandiko wa mtu anayeanza kulewa.
Nikanyofoa vipande viwili. Mzee akakunja vidole vya miguu.

Majibu, siku ya tisa: saratani, changa, haijavuka utando wa juu.
Itabanduliwa kwa njia ile ile ya mdomo, tumbo halitapasuliwa.
Binti alilia. Mzee aliuliza
nani atageuza figili zilizobaki darini.

Usiku ule sikwenda nyumbani.
Nilifungua kabati la picha za zamani,
nikamtafuta Bi Setsu Nigorikawa, mwaka elfu mbili na tisa,
aliyeniletea achari ya bilinganya kwenye mtungi wa kioo
kunishukuru kwa kumwandikia: hakuna tatizo.
Miezi kumi na tisa baadaye nilimkuta wodini,
mwepesi kama mwavuli uliofungwa.

Picha mbili, sehemu ile ile, zenye ukungu wa kamera za enzi zile.
Nikaipa mashine ya kwanza. Ikaisafisha, mstari kwa mstari.
Kisanduku. Asilimia hamsini na moja.
Nikaipa ya pili.
Haikuweka kitu.

Nilikaa nikizitazama hadi gari la kusukuma theluji lilipopita barabarani,
taa yake ya manjano ikazunguka dari mara moja, mara mbili.
Mtungi wa Bi Setsu ninao bado. Ninawekea kalamu.

Asubuhi, mgonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu wa judo,
tumbo safi, mikunjo laini, povu chache.
Mashine ilinyamaza tangu mwanzo hadi mwisho.
Nikarudi nyuma hata hivyo, nikapita tena.